Sindano ya Bega na Muhula Wake

Miongoni mwa maradhi yasiyoua lakini yanayomnyima mtu raha ya uhai wake, maumivu ya bega yana daraja ya juu kuliko wanavyodhani wale wasiopata kuyaonja. Kwa maana mwenye kuumwa na bega hutembea njiani akaonekana mzima, hula, huzungumza na kucheka, wala hana bandeji wala mkongojo wa kumwombea huruma kwa watu, ilhali nyumbani hawezi kufikia rafu ya juu, hawezi kuchana nywele wala kuvua shati bila ya kuuma meno, na usiku, ageukiapo upande wake wa mazoea, huamshwa na uchungu kana kwamba amechomwa. Mwalimu aliyeandika ubaoni miaka thelathini, fundi rangi apakaye dari, mama atwangaye kinuni, mvuvi avutaye nyavu, kuli wa bandarini, hata karani ambaye mzigo wake mzito kuliko yote ni kalamu, wote hukutana katika taabu hii, na aghalabu hukutana nayo baada ya kuupita umri wa miaka 40.

Mgonjwa wa namna hii huanza tiba nyumbani kwake. Huchuliwa kwa mafuta, hukandwa kwa maji ya moto, huambiwa kuwa mshipa umekaa vibaya au kwamba alilalia mkono penye upepo. Akitoka hapo huenda duka la dawa akanunua vidonge vya diklofenaki, na vidonge hivyo humtuliza mpaka tumbo linapoanza kulalamika. Ikipita miezi miwili mitatu bila ya nafuu ndipo afikapo kwa daktari wa mifupa, na huko, baada ya mkono wake kuinuliwa na kupindwa huku na huku, husikia shauri la kudungwa sindano ya steroidi pale pale begani. Yuko alifurahiaye shauri hilo, kwa sababu jirani yake alidungwa asubuhi na jioni akaanua nguo kambani kwa mkono uleule. Na yuko alikimbiaye, kwa sababu amesikia kwamba sindano hiyo hula mifupa, hukata kano na kumwachia mtu mkono wa kubebwa. Kila mmoja wao ameshika nusu ya ukweli. Kano iliyochakaa haiponyeshwi na sindano hii. Mgonjwa hupewa muhula tu, yaani majuma kadhaa ya ahueni ambayo ndani yake hulala, huinua mkono, na hupata nafasi ya kufanya lile liwezalo kumfaa kwa muda mrefu. Na sehemu kubwa ya madhara yanayosimuliwa juu yake hutokea pale muhula huo unapodhaniwa kuwa ni ponyo, ukaombwa tena na tena.

Ili kuufahamu muhula huu na mipaka yake, yapasa kwanza kulitazama bega lenyewe, ambalo limeumbwa kwa ukarimu uliochanganyika na hatari. Katika nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe kirefu, kikapata usalama na kupoteza uhuru. Lakini katika bega, kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemezwa juu ya kisahani kidogo kilicho kwenye ukingo wa kombe la bega, kikapata uhuru wa kwenda mbele, nyuma, juu na kuzunguka, kisha kazi ya kukizuia kisianguke ikaachiwa misuli. Misuli minne hutoka katika kombe la bega, na kano zake, ambazo ni zile ncha nyeupe ngumu ziunganishazo nyama na mfupa, hushikamana zikakizunguka kichwa hicho mbele, juu na nyuma, zikikiweka katikati ya mahali pake kila mkono uinukapo. Ile ya juu, ambayo matabibu huiita suprasipinatusi, ndiyo yenye dhiki kuliko wenzake, kwa kuwa hupita katika mwanya mwembamba ulio baina ya kichwa cha mfupa chini yake na paa la mfupa juu yake, paa liitwalo akromioni, ambalo msomaji aweza kuligusa kwa kidole penye ncha ya bega lake. Na baina ya kano na paa hilo pamewekwa kifuko chembamba chenye ute wa kulainisha, ambacho katika siha njema hakina habari, bali katika maradhi huwa na habari nyingi. Nacho ndicho shabaha ya sindano tunayoizungumza.

Mtu wa kwanza kuandika kitabu kikubwa juu ya kiungo hiki peke yake alikuwa mpasuaji wa Boston, huko Marekani, jina lake Ernest Amory Codman, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1934. Mtu huyu astahili kutajwa kwa jambo jingine pia, ambalo lilimletea uadui zaidi kuliko heshima: alishika rai kwamba kila hospitali yapasa kumfuata kila mgonjwa kwa mwaka mzima au zaidi baada ya tiba, ikaandika bila ya kuficha kama tiba ile ilimfaa, na kama haikumfaa, kwa sababu gani. Wenzake hawakuipenda rai hiyo hata kidogo, kwani daktari, sawa na binadamu mwingine yeyote, hupenda kuhesabu shukrani anazopewa mlangoni kuliko kubisha hodi baada ya mwaka na kuuliza hali. Codman aliondoka katika hospitali aliyokuwa akiitumikia mwaka 1914. Lakini swali lake la hali baada ya mwaka halikuondoka naye, na tutaona kwamba ndilo lililokuja kuipima sindano ya bega na kuiweka mahali pake.

Kwa muda mrefu matabibu waliamini kuwa kano iumayo imevimba kwa ule moto wa ndani ambao mwili huuwasha penye jeraha au penye vijidudu. Vipande vya kano vilivyotazamwa kwa darubini vilileta habari nyingine: katika watu walioumwa siku nyingi, chembe za uvimbe zilikuwa chache, na kilichoonekana wazi ni nyuzi za kolajeni zilizopotewa na mpango wake zikapishana ovyo, pamoja na vishipa vya damu na vya fahamu vilivyoota mahali pasipo pake. Ni mfano wa henza ya jahazi iliyopita katika kapi misimu mingi: haijakatika, na tanga bado hupanda, walakini nyuzi zake zimeanza kufumuka pale pale zinaposuguana. Uchakavu huu, tena, si lazima uume. Mwaka 1995 zilitolewa habari za watu 96 wasiokuwa na maumivu yoyote ya bega, ambao walipigwa picha kwa mashine ya sumaku, na miongoni mwa waliopita umri wa miaka 60 zaidi ya nusu walikutwa na kano zilizochanika kidogo au kabisa, nao hawana habari. Kwa hiyo mgonjwa aoneshwaye picha ya bega lake na kuambiwa kuwa kano ina mchano asikate tamaa papo hapo, kwani huenda mchano ule ulikuwapo miaka kumi kabla ya maumivu kuanza.

Hapo msomaji mwenye kufikiri atauliza: ikiwa uvimbe katika kano ni mdogo, dawa ya kuondoa uvimbe yafanya nini humo? Swali ni la haki. Sehemu ya jawabu imo katika kile kifuko cha ute, ambacho huweza kuvimba hata pale kano yenyewe isipovimba, na sehemu nyingine ni kwamba steroidi hunyamazisha baadhi ya kemikali za mwili zinazoichokoza mishipa ya fahamu, hata mtu akapumzika na maumivu ilhali kano imebaki vile vile ilivyokuwa. Lakini dawa hii haikuvumbuliwa kwa ajili ya kano, na asili yake ni kisa chenye kustahili kusimuliwa kwa kituo.

Katika mji mdogo wa Rochester, jimboni Minnesota, palikuwa na tabibu wa baridi yabisi aitwaye Philip Hench, aliyefanya kazi katika Mayo Clinic, naye tangu mwaka 1929 alikuwa amegundua jambo la ajabu: mgonjwa wa baridi yabisi akishikwa na maradhi ya ini yaliyomgeuza macho kuwa manjano, viungo vyake vilivyovimba hupoa, na mwanamke mwenye ugonjwa huo akipata ujauzito, aghalabu hupata faraja mpaka ajifungue. Hench akakisia kwamba mwili wenyewe una kitu ndani yake kinachoweza kuutuliza ugonjwa. Mkemia wa taasisi ile ile, Edward Kendall, alikuwa kwa miaka mingi akichuja vitu kutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, akivipa herufi badala ya majina, kama alivyokuwa akifanya mbali naye Tadeus Reichstein katika mji wa Basel, Uswisi. Mwezi Septemba mwaka 1948 kile kilichopewa herufi E, ambacho leo dunia yote hukiita kotisoni, alidungwa mwanamke wa miaka 29 ambaye ugonjwa ulikuwa umemfunga kitandani. Na baada ya siku chache akawa anatembea, akaweza kwenda madukani. Mwaka 1950 watatu hao, Hench, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel, na ni nadra sana tuzo hiyo kutolewa kwa upesi namna ile.

Upesi huo ulikuwa na hatari yake. Wagonjwa walioendelea kunywa au kudungwa dawa hii miezi na miezi walianza kuvimba nyuso zikawa za mviringo, mifupa ikalegea, sukari ikapanda damuni, vijidudu vikapata njia, na wengine walipoiacha ghafula miili yao haikuweza kusimama, kwa kuwa tezi zao zilikuwa zimesahau kazi. Tena ilikuwa ghali mno, kwa sababu hapo mwanzo ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua za kikemia zaidi ya thelathini, na machinjio yote ya Marekani yasingeweza kuwatosheleza wenye baridi yabisi wa nchi hiyo peke yao. Ndipo wakemia walipoigeukia mimea: wa Mexico wakatumia viazi vikuu vya mwituni, na Waingereza wakapata walichokitaka katika mkonge wa Afrika Mashariki.

Habari hii haijulikani sana kwetu, nami naona vibaya isijulikane. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani, kisha ukaenea mpaka ukawa ndio utajiri wa Tanga na Korogwe, na hata Thika upande wa Kenya. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ziuzwazo ni takriban asilimia 4 tu, na kilichobaki, yaani maji ya kijani yenye harufu kali na makapi yake, kilitupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakemia wa Uingereza waligundua kuwa katika maji hayo yaliyotupwa mna kitu kiitwacho hekojenini, ambacho umbo lake la kikemia si mbali na lile la kotisoni, na kampuni ya Glaxo ikawa inakusanya machicha hayo kutoka mashamba ya Afrika Mashariki na kuyageuza kuwa steroidi, miongoni mwake ikiwa betamethasoni, ambayo mpaka leo ni mojawapo ya dawa zitiwazo katika sindano za bega. Wakata mkonge, ambao kazi yao ni ya mabega tangu alfajiri, waliyaona maji yale yakitiririka mtaroni kila siku, na thamani yake ikahesabiwa London.

Madhara ya kuieneza dawa mwili mzima ndiyo yaliyozaa fikra ya kuitia mahali pamoja tu. Mwaka 1951 Joseph Hollander, tabibu wa Philadelphia, alitangaza habari za wagonjwa aliowatia haidrokotisoni, ambayo ni ndugu wa kotisoni, moja kwa moja ndani ya viungo vilivyovimba. Akaonesha kuwa kipimo kidogo kikiwekwa pale penye shida huweza kufanya kazi bila ya kuutaabisha mwili wote. Kutoka gotini fikra hiyo ikahamia begani, kiwikoni na kisiginoni, hata leo ni nadra kumkuta daktari wa mifupa asiyeitumia.

Kitendo chenyewe ni chepesi kuliko hofu yake. Mgonjwa huketi, mkono ukining'inia ili mwanya ulio chini ya paa la bega upanuke. Ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kisha sindano huingizwa kwa nyuma au kwa ubavuni, chini kidogo ya ile ncha ya akromioni, ikilenga kifuko cha ute na wala si kano yenyewe, kwani daktari akikuta ukinzani mkubwa akisukuma dawa hujua kwamba ameingia katika kano, naye yampasa kuirudisha sindano nyuma. Dawa iliyozoeleka ni triamsinoloni au methilipredinisoloni, mara nyingi miligramu 40, ikichanganywa na dawa ya ganzi. Ganzi hiyo ina faida mbili: humpunguzia mgonjwa uchungu, na humpa daktari ushahidi, maana mtu ambaye dakika kumi kabla hakuweza kuinua mkono, akiuinua sasa bila ya taabu, ni ishara kwamba chanzo cha maumivu kimo pale pale palipodungwa. Yule jirani aliyeanua nguo jioni pengine alikuwa angali katika kivuli cha ganzi. Baada ya saa chache ganzi huisha, maumivu hurudi, na katika baadhi ya watu huzidi kwa siku moja au mbili, hata mgonjwa asiyeonywa mapema akadhani kwamba ameharibiwa. Kisha steroidi huanza kazi yake polepole, na nafuu ya kweli hudhihiri katika siku zinazofuata. Hospitali nyingine huongoza sindano kwa ultrasaundi, ili daktari aione ncha yake inakokwenda. Ni jambo la kupendeza machoni, lakini waliopima matokeo ya tafiti nyingi kwa pamoja hawakuona kuwa wagonjwa wa namna hii hupata nafuu kubwa zaidi kuliko wale waliodungwa na daktari hodari atumiaye kidole chake. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kuilipia mashine hiyo asione kwamba amepewa tiba ya daraja ya chini.

Sasa turudi kwa Codman na swali lake. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali za umma za Uingereza, ambamo watu 708 wenye maumivu ya kano za bega waligawanywa kwa kura: baadhi walidungwa steroidi na baadhi hawakudungwa, na katika kila upande baadhi waliongozwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika vikao visivyozidi sita, na baadhi wakapewa kikao kimoja tu cha mafunzo, kisha wakaenda kujitegemea nyumbani. Wote wakafuatwa kwa mwaka mzima. Waliodungwa walikuwa na hali bora kidogo baada ya majuma 8, wakalala vizuri zaidi, wakaumwa kidogo. Lakini mwaka ulipotimia, hakuna aliyeweza kuwatofautisha na wasiodungwa. Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi, ni kwamba wale waliopata kikao kimoja cha mafunzo mazuri hawakuachwa nyuma na wale waliopata sita. Katika nchi ambazo mtaalamu wa mazoezi ya viungo hupatikana katika miji mikubwa tu, na nauli ya kumfikia ni sawa na posho ya juma, habari hii ni ya thamani kuliko dawa mpya.

Na wale waliokimbilia kisu hawakubaki bila ya kuulizwa. Mwaka 1972 mpasuaji wa Kimarekani Charles Neer aliandika kwamba paa la akromioni ndilo liisuguayo kano, na kwa miaka mingi baada yake watu wengi mno walikwanguliwa mfupa huo ili mwanya upanuke. Mwaka 2018 jaribio jingine la Uingereza, lenye wagonjwa 313, likaonesha kuwa waliokwanguliwa mfupa hawakupata nafuu ya maana zaidi ya waliotiwa kamera begani pasipo kukwanguliwa kitu.

Lipo onyo jingine, nalo latoka katika kiwiko. Huko Australia, watu 165 wenye maumivu ya kano za upande wa nje wa kiwiko waligawanywa, baadhi wakapata steroidi na baadhi wakapata sindano ya maji matupu yasiyo na dawa. Na kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, ndani ya mwaka mmoja maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya waliopata steroidi, na asilimia 12 tu ya waliopata maji. Kiwiko si bega, na itakuwa dhuluma kuhamisha hukumu ya kimoja na kuibandika juu ya kingine bila ya ithibati. Lakini yeyote asomaye tarakimu hizo ataelewa kwa nini daktari mwangalifu hasiti kudunga mara moja, husitasita mara ya pili, na mara ya nne hukataa. Maabara nayo imeonesha kuwa steroidi huua baadhi ya chembe za kano na kuudhoofisha ushupavu wa nyuzi zake kwa muda. Ada iliyoenea ni kutozidisha sindano tatu kwa mwaka mahali pamoja. Ada hiyo imejengwa juu ya busara zaidi kuliko juu ya hesabu, nami naiona bado ni ya ukarimu mno: ikiwa mbili hazikumfaa mtu, ya tatu itamfaa kwa lipi?

Madhara mengine si ya kila mtu, bali ni ya watu maalumu, na hapa yafaa kwenda kwa makini. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake yaweza kupanda tangu siku ya kwanza, ikakaa juu kwa siku kadhaa, pengine juma moja au zaidi. Kwa hiyo apime mara nyingi kuliko desturi, na ikiwa sukari yake haijatulia kabisa, ni bora sindano isubiri. Atumiaye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hasa zile za daraja la pili zenye ritonaviri ndani yake, asione haya kumwambia daktari wa mifupa, hata kama kliniki yake ni nyingine na jengo ni jingine. Kwani ritonaviri huzuia ini lisiivunje triamsinoloni, na sindano moja tu ya bega yaweza kukaa mwilini mwa mtu huyo majuma mengi, ikamvimbisha uso na kuzifunga zile tezi za juu ya figo, sawasawa na waliomeza vidonge kupita kiasi. Kukaa kimya kwa ajili ya aibu kumewaponza watu katika mambo madogo kuliko hili. Mwenye homa, au mwenye kidonda au jipu karibu na bega, asidungwe mpaka apone. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna neno letu la pekee: dawa ikivuja chini ya ngozi huweza kuacha baka jeupe au kishimo ambacho hudumu miezi mingi, na wakati mwingine hakiondoki, hakidhuru, lakini huonekana, na mtu anayo haki ya kuambiwa kabla. Wanawake wengine huona hedhi imevurugika mwezi ule. Kuingia kwa vijidudu ndani ya bega ni nadra sana, ila bega likiwa jekundu, likawaka moto na homa ikapanda baada ya sindano, hilo si la kusubiri mpaka kesho. Hatimaye, aliyekwisha kupangiwa upasuaji wa bega amkumbushe mpasuaji wake juu ya sindano aliyodungwa, maana kupasua mara tu baada ya steroidi huongeza hatari ya kidonda kuoza.

Basi muhula ukipatikana, utumiwe vipi? Juma la kwanza au mawili ni la upole: mkono usiachwe ukalala, wala usipewe ndoo, gunia au jembe, kwa sababu maumivu ambayo kwa kawaida humzuia mtu asipite kiasi yamenyamazishwa, na kano iliyo chini yake haijapata nguvu mpya. Hapo hufaa zoezi ambalo latajwa kwa jina la Codman hadi leo: mgonjwa huinama mbele, huegemea meza kwa mkono mzima, na mkono unaouma huuacha ukining'inia ukiyumba taratibu. Baadaye vidole hupandishwa ukutani kidogo kidogo kila siku. Kisha huja kazi yenyewe, ambayo ni kuipa kano mzigo unaoongezeka kwa kadiri: kiwiko hubanwa ubavuni, kiganja hushika kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kitasani, na mkono husukumwa kwenda nje, polepole, kisha ukarudishwa polepole zaidi, siku nyingi za juma, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Uchungu kidogo wakati wa zoezi si adui. Ukiwa umetulia asubuhi ya pili, mzigo ni wa haki, na usipotulia, mzigo umezidi. Kano hubadilika kwa mwendo wa kobe, na wengi huacha katika juma la nne, wakati ule ule sindano ingali inafanya kazi na mtu anajiona amekwisha kupona. Nao ndio wanaorudi baada ya miezi minne kuomba nyingine.

Yamebaki mabega mawili ambayo yasichanganywe na haya. La kwanza ni bega lililoganda, ambalo hupatikana zaidi kwa wenye kisukari: hapo mkono haugeuki kwenda nje hata mtu mwingine aushike na kuugeuza, ilhali katika maradhi ya kano mwenye bega hushindwa kwa maumivu lakini mkono wenyewe hugeuzika. Bega lililoganda nalo hudungwa steroidi, ila hudungwa ndani ya kiungo chenyewe, na likidungwa mapema nafuu yake huwa bayana zaidi. La pili ni bega la mtu aliyeanguka, kutoka mnazini, kwenye pikipiki au penye ngazi, na tangu saa ile mkono ukagoma kuinuka ingawa jana yake ulikuwa mzima. Hapo yawezekana kano imekatika kabisa, na kano iliyokatika ghafula hushonwa vizuri zaidi katika majuma ya mwanzo kuliko baada ya nyama yake kusinyaa. Mtu huyo hapaswi kutulizwa kwa sindano na kurudishwa nyumbani, bali apigwe picha na aonwe na mpasuaji mapema iwezekanavyo.